Jibini Iliyonukia Moshi

Kimuli, Kyerwa
Jumapili, baada ya Misa ya kwanza

Kwa dada yangu mpenzi Benadeta,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kwa sauti hata kama uko peke yako chumbani, maana ndivyo mama alivyotulea. Shikamoo dada. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la jiko la misheni, maharage yako motoni, na afya yangu ni njema isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Mume wangu Lameck anakusalimu sana. Migomba inaendelea vizuri, ule mnyauko umepita ng'ambo ya barabara na sisi umetuacha, Mungu ashukuriwe. Nanyi huko Biharamulo je? Presha imeshuka? Shemeji bado anakohoa asubuhi? Na wakamwana wako bado wanakuficha chumvi kama daktari alivyoagiza, au umeshagundua wanakoiweka?

Dada, nimepata habari kwamba una habari zangu. Jirani yetu Evaristi aliporudi kutoka kwenye ule msiba wa kwenu alinieleza kuwa ulimuuliza, tena mbele ya watu, kama ni kweli mdogo wako siku hizi anachukua maziwa ya ng'ombe, anayaweka motoni pamoja na tumbo la mnyama, anayaacha yaoze, kisha anamlisha mtumishi wa Mungu. Evaristi anasema uliuliza kwa huzuni. Na huenda naye alikuambia kwamba siku hizi sipokei komunyo, nabaki nimekaa wenzangu wakipanga foleni. Hilo nalo nitalifikia. Ningekupigia simu, ila wewe simu unaiweka spika, wakamwana wote wanasikiliza, na kuna mmoja anacheka. Kwa hiyo nimeona niandike. Barua nampa Evaristi huyohuyo, lakini bahasha nimeibandika gundi na juu yake nimeishona kwa uzi mweusi. Ukikuta uzi umekatika, nijulishe. Pamoja na barua utapewa furushi la majani ya mgomba. Nakuomba usilifungue mpaka umalize kusoma.

Jibu fupi ni kwamba ni kweli. Jibu refu ndilo hili.

Bruda Otavio unamfahamu, yule Mtaliano mrefu aliyecheza ngoma kwenye harusi yangu mpaka kiatu kikamtoka. Alikuja huku wakati Kyerwa yote bado inaitwa Karagwe, na matenki ya maji ya mvua unayoyaona Kamuli, Songambele na huku kwetu mengi ni mikono yake. Kiswahili chake kimejaa Kinyambo, akikasirika anasema "ee waitu" kama mzee wa hapa. Mimi ndiye ninayempikia. Basi, vuli ya mwaka juzi malaria ilimshika, ikamwacha, lakini hamu ya chakula haikurudi. Ukimwekea ndizi na maharage anakula vijiko viwili, anashukuru, anasukuma sahani taratibu kana kwamba sahani ndiyo mgonjwa. Nilimpikia samaki, nikampikia kuku wa kienyeji, nikampikia senene kwa kitunguu. Anashukuru. Suruali akawa anaifunga kwa kamba ya katani.

Kwaresima ya mwaka jana akapita Padre Mkuu wa shirika lao, akamwona, akamwambia mbele yangu kwamba atarudi kabla ya Majilio, na akimkuta bado hali, atampandisha ndege kwenda kwao, kwenye nyumba ya mabruda wazee iliyo karibu na kijiji chao. Bruda akamjibu kwa upole kwamba hapana, yeye atazikwa Songambele.

Hapo lazima nikueleze, maana ndipo mambo yote yalipofungiwa. Siku ya jubilei yake Bruda alisimama kanisani akasema kwamba harudi tena Ulaya, nyumbani kwake ni huku. Watu walipiga vigelegele. Ndipo Mukantabana, yule mjane wa marehemu Hagenimana, akainuka na kusema kwamba Bruda ndiye aliyempakia mume wake kwenye gari lake usiku wa mvua kumkimbiza hospitali, kwa hiyo yeye anampa mahali katika kibanja chake, kando ya Hagenimana, chini kidogo ya tenki. Wewe unajua maana yake kupewa kaburi katika kibanja cha watu. Si heshima ya kupigiwa makofi tu. Umeshakuwa wa ukoo, na kuikataa ile ardhi baadaye ni kama kuwaambia wale waliokupokea kwamba hawakutosha. Tangu siku ile Mukantabana anapalilia mahali pale, hapandi kitu.

Kwa hiyo mimi nikajiambia kwamba nikimfanya ale, abaki. Nikamuuliza, Bruda, kama ungekuwa kwenu leo, ungekula nini? Akaanza kueleza, na jinsi alivyoeleza ndipo udadisi ukanishika, dada, ule udadisi ambao baba alikuwa akinichapia. Alisema kwao kuna mguu wa nguruwe ambao haupikwi kabisa. Unapakwa chumvi, unaning'inizwa kwenye upepo zaidi ya mwaka, halafu unakatwa mwembamba mpaka unaona mwanga wa dirisha kupitia nyama. Alisema kuna nyama inayosagwa na kujazwa ndani ya utumbo pamoja na pilipili manga, nayo inaliwa mbichi. Na alisema kuna maziwa yanayogandishwa, yanakamuliwa maji, yanatiwa chumvi na kuwekwa pangoni mpaka yawe magumu kama tofali, na eti kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyopanda bei. Nilimwangalia nione kama ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa anameza mate. Nilikuwa sijamwona akimeza mate tangu ile vuli.

Nikaanza kutafuta. Kayanga madukani wanazo zile jibini za pembetatu zilizofungwa karatasi ya kung'aa; nilimletea, akasema ni chakula cha mtoto anayeota meno. Bukoba nilimwagiza mke wa katekista, akazunguka sokoni na kwenye maduka makubwa, akarudi na siagi. Mwanza zinapatikana kwenye duka la wageni, lakini kipande cha ukubwa wa sabuni ya kufulia kinauzwa bei ya mbuzi, na ile nyama yao bei yake nilipotajiwa kwenye simu niliomba warudie. Sasa mtu mmoja wa mabasi akaniambia kwamba Mbarara, ng'ambo ya Murongo, Waganda wanatengeneza jibini nyingi na si ghali, kwa kuwa kule maziwa ni mengi. Nikamtuma. Ikaja nzuri, ya njano, imefunikwa nta nyekundu. Bruda alikula kwa adabu siku mbili. Siku ya tatu nilimuuliza ikoje. Akasema, "Ni sabuni nzuri sana, Joanitha."

Basi nikamwambia kwamba kama duka halina, jiko lipo. Mama yako alikuwa anatengenezaje? Akasema alikuwa mtoto, anakumbuka nusunusu. Nami nikasema nusu yake na nusu yangu itakuwa moja.

Habari ya nyama nitaikatisha, maana bado Lameck ananicheka. Mguu wa kwanza wa nguruwe niliuning'iniza juu ya mafiga, kwa sababu mimi nyama ya kukausha naijua ni ya moshi. Ukawa kama mpini wa jembe. Wa pili tukauning'iniza kwenye ghala la kahawa, kwenye upepo, kama alivyosema, na nzi wa Kimuli wakaupata kabla yetu. Nikauzika nyuma ya banda. Lameck alisimama pale na kofia mkononi, akauliza kama marehemu ameacha watoto. Kilichokubali mwishoni ni nyama ya tumbo, ile yenye mafuta, iliyolala kwenye chumvi na kitunguu saumu ndani ya sanduku la mbao, halafu moshi kidogo. Bruda alikata kipande, akakitafuna, akasema kwao bondeni hawafanyi hivyo lakini mlimani wapo wanaofanya. Nikajua ni rehema, lakini alimaliza.

Jibini sasa. Jibini haigandi yenyewe, dada. Mtindi ni kitu kingine. Jibini inahitaji kile kitumbo cha mwisho cha mnyama anayenyonya ambaye hajaonja jani, kikaushwe kwa chumvi, kipande chake kilowekwe, na yale maji ndiyo yanayoyatuliza maziwa yakashikana mara moja kama yamesikia habari mbaya. Kuna mwanambuzi aligongwa na pikipiki njia ya Songambele, mwenyewe alikuwa analia barabarani, nikamnunua. Hivyo tumbo ni kweli. Na maziwa ni lazima yapate moto, si wa kuchemka, ni joto la kumwogesha mtoto. Kwa hiyo moto nao ni kweli.

Najua unashika kichwa. Mimi mwenyewe nilishika. Kwa sababu maziwa yale yalikuwa ya Mukantabana.

Wewe na mimi tumekulia kwenye migomba, miiko ya ng'ombe tunaisikia kwa majirani. Lakini Mukantabana ni mtoto wa wafugaji kweli. Kwake hunywi maziwa siku uliyokula nyama. Kwake maziwa hayawekwi motoni, chuchu za ng'ombe zitapasuka. Anayaleta kila asubuhi ndani ya chombo cha mti alichokifukiza kwa nyasi, kinanukia moshi, na ananisimamia mpaka niyamimine ndipo aondoke. Sasa mtu kama huyo, umwambie kwamba maziwa ya Gaju, ng'ombe wake, unayapasha moto na kuyachanganya na tumbo la mwanambuzi? Angeacha kuleta siku hiyohiyo. Na Bruda angepanda ndege. Nikamwambia ni ya mtindi.

Ile ya kwanza niliiweka kwenye rafu ya ghala, na baada ya muda nikaenda kuitazama. Ilikuwa imeota ndevu za kijivu. Nilisikitika, nikasema shetani ameshinda, nikaipeleka kwa nguruwe. Bruda akaja kuuliza ilikuwa inaendeleaje. Nikamwambia, pole Bruda, iliota ukungu, nimewapa nguruwe. Akanitazama. Halafu akakaa juu ya gunia la kahawa akacheka, dada, akacheka mpaka akakohoa, akashika ukuta, machozi yakamtoka. Kumbe ukungu ndio wenyewe, unapanguswa tu kwa kitambaa cha chumvi na unaiacha iendelee. Akasema nguruwe wa Kimuli wamekula vizuri kuliko askofu. Jioni hiyo alikula sahani nzima ya ndizi, nadhani ni kwa sababu ya kucheka.

Ya pili haikuota ndevu nyingi. Tuliikata siku ya Petro na Paulo. Alikata kipande, akanusa, akaonja, akafumba macho. Mimi nimeshika kiti. Akasema si ya kwao. Akasema ina moshi, kwao haina moshi. Nikamweleza ni chombo cha Mukantabana. Akasema ee waitu, na akakata kipande cha pili. Na cha tatu. Kuanzia hapo nikawa naitengeneza kila wiki, na kila mlo nikimwekea kidogo pembeni ya ndizi anakula na ndizi yenyewe. Kamba ya katani ikarudi kufungia mbuzi.

Mwezi wa nane, maziwa yakiwa bado yanakuja, nikasikia kisimani kwamba Gaju amekauka.

Sitaki kukuficha, niliogopa. Mimi ni Mkristo, siamini chuchu kupasuka kwa sababu ya sufuria. Lakini kutoamini ukiwa kanisani ni tofauti na kutoamini ukiwa njiani kwenda Songambele peke yako. Nilikwenda na rozari mkononi, nimepanga maneno yote. Nikamkuta Mukantabana anapalilia pale pa Bruda. Nikapiga magoti palepale kwenye udongo, nikamwambia kila kitu, moto, kitumbo, chumvi, nguruwe walioila ile ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuacha kung'oa magugu. Halafu akaniuliza kama Gaju nimeambiwa amekauka kwa ugonjwa. Nikasema sijui. Akasema amekauka kwa sababu ana mimba, kama kila mwaka, mimi niliyezaa watoto wanne nashindwaje kuelewa.

Kisha akaniambia kwamba tangu siku ya pili hakuna hata tone la Gaju lililoingia katika sufuria yangu. Alipopita tena jioni ya siku ya kwanza, alinusa jikoni harufu ya maji ya maziwa, akaona kitambaa kinachuruzika, akajua. Kesho yake akaenda kwa Mwalimu Niyitegeka, akapatana naye maziwa ya yule ng'ombe wake wa kisasa, mweusi na mweupe, akawa anayamimina katika chombo chake na kuniletea. Nikamuuliza, na miiko? Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza jambo la kitoto. "Yule amezaliwa kwa sindano," akasema. "Baba yake hamjui. Miiko angefundishwa na nani?"

Nilicheka nikiwa bado nimepiga magoti. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, akaniacha nijifiche miezi yote. Akasema angeniambia ningeona haya, na ningeona haya ningeacha, na Bruda angekwisha. Kwa hiyo alinigeuzia uso. Akasema si kazi kubwa, ni kuangalia upande mwingine tu na kuendelea kuleta.

Hayo maneno yaweke akilini, dada, maana ndiyo yaliyoniponza.

Mwezi wa kumi walikuja madaktari kutoka Italia, wale wa kutibu macho. Mmoja anatoka jirani na kijiji cha Bruda, akamletea kifurushi asichokiomba. Ndani kulikuwa na soseji kavu ya ile nyama mbichi, na jibini moja ya mviringo, ndogo, yenye ganda la rangi ya udongo. Nilisimama karibu, maana nilitaka kuona ya kweli ikoje. Bruda aliigeuza. Katikati upande wa chini kulikuwa na kishimo, kama mtu alibonyeza kwa kidole gumba ilipokuwa laini. Akaweka kidole chake pale. Akakiacha pale.

Bruda ana dada, pacha wake, jina lake Agnese. Yeye ndiye aliyekuwa akibonyeza jibini zote tangu wakiwa watoto, na mama yao alikuwa akimgombeza kwa kuziharibu sura. Bruda alidhani zizi limeuzwa zamani na Agnese ameshawekwa kwenye nyumba ya wazee. Watu wa kwao walikuwa wakimwandikia tu kwamba wote hawajambo. Kumbe bado ana ng'ombe, bado anakamua, bado anabonyeza. Akaikata. Nami akanipa. Dada, sikuwahi kuonja kitu kama kile, inakuuma ulimi kwanza halafu inakuomba msamaha. Nikajua kwamba yangu ilikuwa mchezo wa watoto. Yeye alikula kipande baada ya kipande, nami nilikuwa nafurahi, nikidhani sasa ndiyo amepona kabisa.

Baada ya hapo akawa anakula kila kitu, lakini haongei. Anakaa kwenye benchi hili nililokaa mimi sasa, anaangalia njia ya Nkwenda. Siku moja nilipokuwa namenya ndizi akaniambia, akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu, kwamba anataka kwenda nyumbani. Alisema anataka kumshika Agnese mkono kabla mmoja wao hajafa, na akimshika hataweza kumwachia. Nikamwambia basi nenda, nani atakukataza. Akasema lile la Songambele atalisemaje. Amwambie nini mama anayempalilia kaburi kila wiki? Kwamba amekula jibini moja akasahau yote? Ndizi nilizomenya siku hiyo nilizikata vipande vidogo kama za mgonjwa.

Kwa hiyo, dada, fikiria nilivyokaa. Mwaka mzima nimepika ili aonekane anakula, apate kubaki. Nilikuwa nimefaulu. Mashavu yalikuwa yamejaa, jicho safi, suruali imembana. Padre Mkuu angemwona hivyo angesema asifiwe Mungu, angempa baraka na kumwacha. Na Bruda angebaki, kwa heshima ya watu, akiangalia njia.

Padre alifika wiki ile kabla ya Majilio. Alimsalimia Bruda, akampiga bega, wakacheka. Halafu akaja huku jikoni peke yake. Nikampa kisahani cha kahawa za kutafuna, akakaa. Akasema Bruda anamwambia anakula vizuri, lakini mabruda wazee wote wanasema hivyo wakiogopa kuondolewa, na yeye hataki kudanganyika. Akasema watu wote wa hapa wamemwambia kwamba Joanitha wa jikoni hajui kusema uongo, kwa hiyo atasikiliza neno langu na si la mtu mwingine.

Bruda alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kurudisha ndoo, akasimama nayo. Padre alikuwa amempa mgongo, mimi nilikuwa namwona. Na mezani mbele yangu kulikuwa na sahani yake ya mchana, ameipangusa kwa kipande cha ndizi mpaka inang'aa.

Nilichukua sinia nikaifunika ile sahani.

"Hali chakula, Padre," nikasema.

Padre akashangaa. Akasema mbona amenenepa. Nikamwambia si unene ule, ni uvimbe, Padre, ni maji tu. Sijui neno hilo lilitoka wapi, lilikuja lenyewe limeshavaa viatu. Padre akaweka chini kahawa yake, akajifunika uso kwa mikono, kisha akasema basi, imekuwa. Bruda aliweka ndoo chini polepole, isitoe mlio, akaondoka.

Songambele walikasirika sana. Walimwambia Padre Mkuu kwamba anawanyang'anya mtu wao, mzee wao, aliyeamua mwenyewe kulala kwao; wengine mpaka leo wanasema wakubwa hawana huruma. Hakuna aliyemlaumu Bruda. Wote walimlilia. Mukantabana alimpa chombo kidogo cha maziwa, kimefukizwa, akamwambia mahali pake pale hapatapandwa kitu, hata kama mwili hautafika, jina litafika. Bruda alilia mbele za watu wote bila kujificha. Alilia kama mtu anayechukuliwa, na nadhani alikuwa anachukuliwa kweli, na kwenda kweli, yote mawili.

Asubuhi ya kuondoka gari lilikuwa linanguruma nje. Akaingia jikoni amevaa koti. Akafungua kabati, akatoa jibini yangu ya mwisho, ile ya moshi, akakata kipande kikubwa kuliko kiganja. Akachukua ndizi ya moto kutoka kwenye sufuria kwa vidole. Akala amesimama, ananitazama, akala yote, akakusanya makombo mezani akala na makombo. Mashavu yamejaa, macho yamejaa.

"Ulisema kweli, Joanitha," akaniambia. "Sili."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaenda.

Sasa ndiyo nifike kwenye lile la komunyo. Dada, nimemdanganya mtu wa Mungu, tena alinipa heshima ya kuniamini. Huo ni uongo, sitautafutia jina lingine. Dawa yake naijua: kuungama. Kila Jumamosi naenda mpaka karibu na kile kiti cha maungamo, napanga foleni, na kabla zamu yangu haijafika natoka. Kwa sababu katekisimu tuliyofundishwa wote wawili inasema sharti ujute. Nami najipekua, napekua kila kona kama mtu aliyepoteza sindano, naomba kwa Mtakatifu Antoni anisaidie kuyatafuta majuto, na hayapo. Ninapokumbuka vile alivyoweka ndoo chini bila mlio, ninachokipata ni furaha. Nitaungamaje jambo ambalo nikirudishwa palepale nitafunika tena sahani? Leo tena nimebaki kwenye benchi wenzangu wakienda, na Jumatano ya Majivu inakuja. Nakuomba uniombee nijute. Lakini usiombe kwa nguvu sana.

Hili hajui mtu, hata Lameck. Mukantabana sijui. Siku iliyofuata baada ya Bruda kuondoka alikuja na maziwa kama kawaida, ya ng'ombe wa mwalimu. Nikamuuliza haya ni ya nani tena. Akayamimina mwenyewe kwenye sufuria yangu, akasema ni ya yule anayekula, akaangalia upande mwingine, akaenda.

Na anayekula ni mimi, dada. Naila kila siku na ndizi. Lameck naye ameanza kuiba.

Bruda alipiga simu siku ya Epifania. Agnese hajambo, anamgombeza, anasema anabonyeza vibaya. Jibini yao haina moshi, amemwomba afukize chombo angalau kimoja, amekataa. Ndizi amezikuta kwenye duka la Waafrika mjini, alipotajiwa bei akaomba warudie.

Basi fungua furushi. Kilichomo unakijua. Kipanguse ukungu kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, kata kipande chembamba, kula na ndizi ya moto, na uangalie kipimo kwa sababu ya ile presha. Upande wa chini utaona kishimo, ni kidole changu. Usipoiweza, wape nguruwe, hawatakulaumu.

Msalimie shemeji, wasalimie wakamwana wote, hata yule anayecheka. Wabusu wajukuu, na uweke maua kidogo kwenye kaburi la mwanao Kokuhirwa kwa niaba yangu. Barua hii ukiisha kuisoma iingize motoni, chini ya sufuria yoyote isiyo ya maziwa. Mungu akulinde mpaka tuonane, nami nikiendelea kuwa

Mdogo wako akupendaye,
Joanitha